Kinywa Hufunguka kwa Kusema: Kiingereza na Maigizo katika Shule za Bukavu

Ingia katika darasa lolote la sekondari mjini Bukavu, liwe la Ibanda, Kadutu au Bagira, wakati wa somo la Kiingereza. Ubaoni kuna sentensi zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri, na madaftari yamejaa orodha za vitenzi. Sasa mwalimu aweke chaki mezani, amtazame mwanafunzi mmoja, amwulize kwa Kiingereza: jana jioni ulifanya nini? Mwanafunzi anasimama. Anatazama dari, anashika ukingo wa dawati, anamgeukia jirani amnong'oneze. Wenzake wanaanza kucheka kabla hajatamka neno. Anakaa. Swali lile lile ukimwandikia kwenye karatasi, atalijibu bila shida.

Mtoto huyo ana akili na maneno anayo. Alichokosa ni mazoea ya kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema lugha ngeni mbele ya watu. Makala haya yanawaeleza walimu, wazazi, wakuu wa shule na wanafunzi wenyewe namna ya kuyajenga mazoea hayo kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: mazungumzo ya Kiingereza ya kila wiki, na maigizo. Fedha nyingi hazihitajiki. Kinachohitajika ni saa mbili kwa wiki, chumba au kivuli cha mti, na mtu mzima aliyekubali moyoni kwamba kosa ni sehemu ya kujifunza.

Kwa nini anajua lakini hasemi

Sababu ya kwanza ni mtihani. Kwa kawaida mwanafunzi wa Congo huanza Kiingereza katika darasa la saba na kuendelea nacho hadi mwaka wa nne wa humanite. Mwisho wa safari hiyo kuna Mtihani wa Taifa, ule ambao kila nyumba huuita Exetat. Huko Kifaransa kina sehemu ya kujieleza kwa mdomo. Kiingereza hujibiwa kwa kuchagua jibu kwenye karatasi. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 au 60, na programu ndefu ya kumaliza, hutumia nguvu zake pale mtihani ulipo. Hatuna haki ya kumlaumu, lakini matokeo yake ni kijana anayepata pointi nzuri na kubaki bubu akikutana na mgeni.

Sababu ya pili ni woga wa kuchekwa. Lugha tusiyoimudu hutuvua nguo mbele ya watu. Kijana wa miaka 15 ambaye mtaani anasifiwa kwa ufasaha wake, akisimama kusema Kiingereza anarudi kuwa kama mtoto wa miaka mitatu. Hakuna anayependa hali hiyo, na njia rahisi ya kuikwepa ni kunyamaza.

Sababu ya tatu ni historia ya adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kigikuyu shuleni. Shule nyingi za Afrika zimepitia mambo ya namna hiyo kwa lugha mbalimbali, na mabaki yake bado yapo: faini, kejeli, majina ya dhihaka. Lugha iliyoingia kwa aibu hutoka kinywani kwa shida.

Sasa tazama upande wa pili. Mtoto wa Bukavu husema Kimashi, Kirega au Kihavu na bibi yake, Kiswahili sokoni na mtaani, Kifaransa darasani. Amekwisha kubeba lugha tatu, na ya kwanza na ya pili hakuzipata kwa kunakili ubaoni. Alizipata kwa kusema, kukosea na kusema tena. Mwambieni hivyo siku ya kwanza. Kiingereza kwake ni lugha ya nne, na njia ya kuifikia anaijua tayari.

Kiingereza kimesogea karibu

Zamani ilitosha kusema kwamba Kiingereza ni cha Wamarekani. Leo kiko ng'ambo ya daraja. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo watoto wa Kamembe, ambao ukiwa Bukavu unaziona nyumba zao ng'ambo ya mto Ruzizi, wanasoma hesabu na sayansi kwa lugha hiyo. Tarehe 8 Aprili 2022 Congo ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika ofisi za Jumuiya mjini Arusha kazi nyingi hufanyika kwa Kiingereza, na Kiswahili chetu kina nafasi yake humo. Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Kampala au Dubai, mwanafunzi anayetafuta nafasi ya chuo Nairobi, fundi anayesoma maelekezo ya mashine, kijana anayeomba kazi katika shirika la misaada: wote watakutana nacho.

Hata hivyo tusimdanganye mtoto kwamba Kiingereza ndicho kipimo cha akili. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo mwaka 2018, alihutubia kwa Kifaransa, na dunia ikamsikiliza. Ujasiri ni wa msemaji, na lugha ni chombo chake. Anayejifunza kusimama na kusema kwa Kiingereza atasimama na kusema kwa Kiswahili pia, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri au mbele ya jaji.

Kwa nini maigizo

Igizo humpa mwoga kinga. Akikosea, aliyekosea ni muuza samaki wa kwenye mchezo, au askari wa mpakani, au daktari. Chini ya kivuli cha mhusika mtoto huthubutu kufanya asichothubutu kwa jina lake. Tena igizo huweka lugha mwilini: neno linakuja pamoja na mkono, macho, hatua na hasira, na neno la namna hiyo halisahauliki upesi. Juu ya hayo, igizo hutoa sababu ya kurudia. Sentensi moja itasemwa mara thelathini mazoezini na hakuna atakayechoka, kwa kuwa siku ya onyesho inakaribia.

Afrika Mashariki imeijaribu njia hii muda mrefu. Kenya ina tamasha la maigizo la shule tangu 1959, ambako wanafunzi hushindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere waliunda kundi la maigizo la kusafiri na kwenda kucheza bure mijini na vijijini, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili.

Mfano unaotufaa zaidi ni Tuseme wa Tanzania. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, ili wasichana wa sekondari wapate sauti. Wanafunzi wenyewe walitaja matatizo yanayowazuia kusoma, wakayachambua, wakayageuza kuwa michezo, wakaicheza mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadiliana na watazamaji nini kifanyike. Baadaye jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, liliichukua njia hiyo na kuipeleka katika nchi nyingine. Jina lenyewe ni somo: tuseme.

Na kwetu Congo kuna mfano wa Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa kuigiza kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia hatua kwa hatua namna walivyotengeneza mchezo kutokana na msemo mmoja kuhusu madaraka. Hawakugawiwa karatasi za kukariri. Walijadili maana ya msemo, wakapanga matukio, wakagawana wahusika, kisha kila mchezaji akayatafuta maneno yake mazoezini. Njia hiyo ndiyo tunayoipendekeza hapa, kwa sababu mbili: haihitaji vitabu, na inamlazimisha mwanafunzi kutunga sentensi zake mwenyewe.

Kabla ya kuanza: sheria nne za chumba

Klabu ya Kiingereza huvunjika wiki ya pili pasipokuwa na mapatano. Andikeni sheria hizi kwenye katoni, mzitundike ukutani.

1. Hapa hachekwi mtu kwa kosa. Tunacheka pamoja mchezo unapochekesha, basi.
2. Kila mtu husema kila kikao, hata sentensi moja.
3. Ukikwama, tumia mkono, tumia Kiswahili, kisha uulize neno lake. Kuuliza si ujinga.
4. Anayesahihisha husubiri mwenzake amalize.

Mwalimu awe wa kwanza kuzitii. Akikosea neno la Kiingereza, na atakosea, aseme wazi kwamba amekosea na kwamba atalitafuta. Watoto wakimwona mtu mzima anakosea na dunia haianguki, nusu ya woga wao huondoka siku hiyo.

Dakika 20 za kufungua kinywa

Kila kikao kianze na mazoezi mafupi kabla ya igizo.

*Amri na vitendo.* Mwalimu anatoa amri kwa Kiingereza, darasa linatenda bila kusema: simama, gusa dirisha, mpe jirani kalamu, jifanye umechoka. James Asher wa Marekani aliieleza mbinu hii tangu miaka ya 1960, na inafaa sana darasa kubwa kwa sababu watu 60 hushiriki kwa pamoja na hakuna anayesimamishwa peke yake. Baada ya vikao viwili, wanafunzi watoe amri wenyewe.

*Sauti juu ya mvua.* Bukavu ina mvua kutoka Septemba hadi Mei, na mvua ikipiga mabati mwalimu mwenyewe hasikiki. Wapangeni wanafunzi safu mbili uani, wawili wawili wakitazamana kwa hatua tatu. Kila mmoja amwambie mwenziwe sentensi moja. Kisha hatua sita, kisha kumi. Msipige kelele: vuteni pumzi hadi tumboni, fungueni mdomo, malizeni kila neno. Anayenong'ona darasani hugundua kwamba sauti anayo.

*Maharage matano.* Katika kundi la watu watano, kila mmoja ana punje tano za maharage. Kila akisema sentensi, anaweka punje moja katikati. Aliyemaliza punje zake anyamaze mpaka wengine wamalize zao. Hivyo msemaji hodari hamezi muda wa wenzake, na mnyamavu hana pa kujificha.

*Dakika moja ya habari.* Wawili wawili, mmoja anasimulia jambo la jana kwa dakika moja, mwingine anasikiliza tu. Wabadilishane. Kisha kila mmoja asimulie habari ya mwenzake kwa mtu wa tatu. Hapa darasa zima linasema kwa wakati mmoja. Kelele itakuwapo, na ni kelele njema. Prefe wa masomo aarifiwe mapema asije akadhani darasa limeasi.

Kutengeneza igizo: kipande kimoja kwa karibu

Anzeni na kipande cha dakika tatu hadi tano, wahusika wasiozidi watano, na jambo moja linaloleta mvutano. Bila mvutano hakuna mchezo, kuna salamu tu. Tuchukue mfano.

Mahali ni soko la Kadutu. Wahusika ni watatu: mama anayeuza sambaza, binti yake wa miaka 14 aliyetoka masomoni, na mgeni kutoka Kampala asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Mgeni anataka sahani mbili. Mama anataja bei, binti anatafsiri. Mgeni anatoa noti ya dola 5 yenye mpasuko mdogo pembeni. Kila mtu wa Bukavu anajua kitakachofuata: dola iliyopasuka, hata kidogo, haipokelewi. Mgeni hajui hilo, anadhani anadharauliwa. Mama naye anadhani anataka kutapeliwa. Binti yuko katikati, na maneno yote yanapita kwake.

Mara ya kwanza uchezeni kwa Kiswahili, kwa haraka, ili kila mtu ajue nini kinatokea na nani anataka nini. Mara ya pili mgeni na binti waseme Kiingereza kwa maneno waliyo nayo, bila msaada. Hapo ndipo kazi huanza. Binti anafika kwenye noti na kukwama. Anajua kusema fedha, anajua kusema mbaya, lakini neno la kupasuka hana. Anainua karatasi inayowakilisha noti, anaonyesha mpasuko kwa kidole, anasema: "This money is..." kisha kimya.

Mwalimu asikimbilie kujibu. Ahesabu kimoyomoyo hadi tano. Mmoja wa nyuma atasema "broken". Mwingine atasema "cut". Sasa mwalimu achukue ukurasa wa daftari kuukuu, aupasue polepole mpaka wote wasikie mlio wake, aseme: "Torn. The note is torn." Darasa lirudie. Binti arudi mahali pake na kuanza upya: "Sorry, sir. The note is torn. Nobody will take it here. Please give us another one." Neno hilo lilikuja wakati alipolihitaji, na halitamtoka kichwani.

Mara ya tatu, wabadilisheni wachezaji. Aliyekuwa mama awe mgeni. Mvulana acheze binti kama atapenda. Mara ya nne, simamisheni mchezo pale ugomvi unapopanda na waulizeni watazamaji: nani ana njia nyingine ya kumweleza mgeni? Anayejibu asiseme kutoka kitini. Aje mbele, achukue nafasi ya binti, ajaribu. Mbinu hii ya mtazamaji kuingia mchezoni ilienezwa na Augusto Boal wa Brazil, na mashirika ya amani yameitumia katika vijiji vya Kivu kuzungumzia ardhi na ujirani. Katika klabu ya Kiingereza ina faida ya ziada: mtazamaji aliyekuja kutazama anajikuta amesema lugha bila kupanga.

Vipande vingine havihitaji kutafutwa mbali. Mgonjwa wa Kiingereza hospitalini na muuguzi wa Kifaransa. Msafiri mpakani Ruzizi ambaye jina lake kwenye karatasi limekosewa herufi. Kijana anayeomba kazi na kuulizwa kuhusu kasoro zake. Dereva wa pikipiki na mteja wasioelewana nauli baada ya kupanda mlima. Umeme uliokatika usiku wa kuamkia mtihani. Waacheni watoto walete yao, kwa maana mambo yanayowahusu huwatoa maneno kuliko hadithi ya kitabu kuhusu treni ambayo hawajawahi kupanda.

Kusahihisha bila kuvunja

Wakati mchezo unaendelea, usikatize. Kaa pembeni na daftari, andika makosa matatu au manne yanayorudiwa na wengi. Mchezo ukiisha, sifu kwanza jambo moja la kweli. Kisha andika ubaoni sentensi zenye kosa bila kutaja aliyezisema, na waachie darasa wazirekebishe.

Makosa ya wanafunzi wetu yana mizizi inayojulikana. Wengi husema "I have fifteen years" kwa sababu Kifaransa na Kiswahili vyote humpa mtu miaka, ilhali Kiingereza husema mtu *ni* wa umri fulani: "I am fifteen". Wengine humwita mama "he", kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika neno "yeye". "I am agree" imetoka moja kwa moja kwenye Kifaransa. Wengine huongeza irabu mwisho wa neno, "booku", kwa sababu maneno ya Kiswahili huishia na irabu. Mweleze mwanafunzi chanzo cha kosa, naye ataona kwamba lina sababu na kwamba yeye si mjinga.

Na tuseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mara nyingi Kiswahili humsaidia mtoto pale Kifaransa kinapomkwaza. Kifaransa hakitamki "h", nasi tunayo katika "habari" na "hapa", basi "house" isiwe taabu. Sauti ya "ch" ya "chai" ndiyo ile ya "church". Sauti ya "ng'" ya "ng'ombe" ndiyo inayofunga neno "sing". Hata "th" inayotisha wengi ipo katika "thelathini" ya Kiswahili sanifu: ncha ya ulimi kwenye meno, pumzi itoke. Mwalimu anayekitumia Kiswahili kama ngazi hamcheleweshi mtoto. Anamwonyesha kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani ni mali.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

*Wasichana.* Wengi hurudi nyumbani kuteka maji na kupika bugali. Wekeni mazoezi mara tu masomo yanapoisha, na yaishe mapema ili wafike kwao kabla giza halijaingia. Katika kugawa wahusika, msiwape kila mara kuwa mke au mtumishi. Wacheze mkurugenzi, daktari, jaji, rubani. Msichana aliyewahi kutoa amri jukwaani anaijua sauti yake ya amri.

*Waoga sana na wenye kigugumizi.* Waanze kama watazamaji wenye kazi: kushika saa, kukumbusha maneno, kupiga ngoma. Kisha wapewe sentensi moja ya pamoja na wenzao wawili, kisha sentensi yao peke yao. Mwenye kigugumizi asimaliziwe maneno. Mwachieni muda wake.

*Walioona vita.* Wapiganaji wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, masomo yalisimama, na watoto wengi wa Bukavu wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Miongoni mwao wapo waliokimbia vijiji vyao hata kabla ya hapo. Kwa hiyo msiweke bunduki wala milio ya ghafla katika michezo yenu, na msimwombe mtoto acheze jambo lililompata. Kila mtoto awe na haki ya kukataa nafasi bila kuulizwa sababu. Akitetemeka au kulia, mtoe nje kwa upole pamoja na mtu anayemwamini, na mmpeleke kwa mshauri au kituo cha afya kama hali inaendelea. Klabu si hospitali. Inaweza tu kuwa mahali pa usalama ambapo mtoto anacheka tena.

Ratiba ya wiki nane

Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Elimu nchini Congo, na shule nyingi huandaa shughuli za utamaduni kuizunguka. Klabu ikianza mwanzoni mwa Machi ina wiki nane za kufikia onyesho.

1. Wiki ya 1: sheria za chumba, amri na vitendo. Kila mwanafunzi ajieleze kwa dakika moja, na mwalimu aandike aliyoyaona.
2. Wiki ya 2: sauti uani, maharage matano, michezo ya bubu isiyo na maneno.
3. Wiki ya 3: vikundi vya watu watano vichague jambo lao na kulicheza kwa Kiswahili.
4. Wiki ya 4: kipande kile kile kwa Kiingereza cha kila mmoja, bila karatasi.
5. Wiki ya 5: maneno yaliyokosekana, makosa yanayorudiwa, matamshi.
6. Wiki ya 6: kubadilishana wahusika na kusimamisha mchezo kwa maswali.
7. Wiki ya 7: mazoezi mbele ya darasa lingine, mchana kweupe, ili kukatika kwa umeme kusiwaharibie.
8. Wiki ya 8: onyesho kwa wazazi.

Vifaa ni kitenge cha pazia, katoni, bakuli, kiti na vazi moja la kutambulisha kila mhusika. Msiwachangishe wazazi fedha za mavazi, maana wengi tayari wanahangaika na gharama za masomo, na mtoto atakayebaki nje kwa kukosa mchango ndiye aliyehitaji klabu kuliko wote.

Siku ya onyesho, mtu mmoja asimulie kwa Kiswahili kabla ya kila kipande ili mama na baba wasiojua Kiingereza wafuate. Mzazi anayeelewa atapiga makofi mahali panapostahili, na makofi ya mzazi yana uzito ambao alama ya daftari haina.

Mkuu wa shule na mzazi wafanye nini

Prefe atoe chumba na saa maalumu, aitetee saa hiyo isimezwe na marudio ya mitihani, na ahudhurie angalau kikao kimoja. Mwalimu wa Kiingereza aombe msaada kwa wanafunzi wa Kiingereza wa ISP, Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu, ambao wanajiandaa kuwa walimu na wanahitaji mazoezi kama watoto wanavyoyahitaji. Mtu mzima yeyote kutoka nje ajulikane na shule, na asibaki peke yake na mtoto.

Mzazi asiyejua Kiingereza ana kazi yake pia. Mwombe mtoto akuchezee kipande chake jioni, wakati chakula kikiwa jikoni. Muulize maana ya neno moja alilojifunza, ulitamke naye, ukosee mbele yake, mcheke wote wawili. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Usimwamuru aseme Kiingereza mbele ya wageni ili usifiwe wewe.

Mtajuaje kwamba mmefanikiwa

Wiki ya nane, rudieni zoezi la wiki ya kwanza: kila mwanafunzi ajieleze kwa dakika moja. Mlinganishe mambo manne tu. Alisema kwa muda gani kabla ya kunyamaza? Aliwatazama watu au sakafu? Alipokwama alifanya nini? Sauti yake ilifika nyuma ya chumba? Kisha hesabuni wangapi walinyoosha mkono wenyewe katika somo la kawaida wiki hiyo. Sarufi bado itakuwa na mashimo, nayo mtayaziba mwaka mzima. Usahihi humfuata anayesema. Asiyesema hana cha kusahihishiwa.

Watoto waliokulia ufukoni mwa Ziwa Kivu hawakufundishwa kuogelea ubaoni. Waliingia majini mahali penye kina kifupi, mkubwa akiwa karibu, wakameza maji kidogo, wakacheka, wakarudi tena. Ndugu mwalimu, chagua siku moja wiki hii. Sogeza madawati ukutani, waite wanafunzi watatu mbele, wape noti ya karatasi iliyopasuka na sahani ya sambaza isiyoonekana, uwaache waseme.